Kamera Iko Wapi? Kuchora Safari ya Rosetta Hadi Kwenye Kometi

Picha ya chombo cha anga cha Rosetta unayoikumbuka, kama unaikumbuka, ni mchoro. Chombo cha kijivu chenye mabawa mawili marefu ya paneli za sola, chini yake kometi, bonge la barafu na vumbi linalolizunguka Jua, inafuka gesi na vumbi, nyuma yake giza na nyota: hakuna mtu wala mashine iliyosimama kando ikaipiga picha hiyo. Tangu Agosti 2014 hadi Septemba 2016 Rosetta ilikuwa kule kwenye kometi ya 67P/Churyumov-Gerasimenko, na kamera zake zilitazama nje. Hazikujitazama.

Vipande vipo. Septemba na Oktoba 2014, Philae, kile chombo kidogo kilichobebwa ubavuni ili kije kutua, kilipiga picha za bawa moja la Rosetta huku kometi ikionekana kwa mbali. Kilipoachiwa mwezi Novemba kikalipiga bawa hilo tena, safari hii kikiwa kinaondoka. Na tarehe 14 Februari 2015 Rosetta ilipita kilomita 6 tu juu ya kometi, Jua likiwa mgongoni kwake, na kamera ikanasa kivuli cha chombo chenyewe juu ya mawe na vumbi. Rosetta ilikuwa na urefu wa mita 32 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, na upana wa mita mbili hivi. Kivuli chake kilikuwa doa la takriban mita 20 kwa 50, kingo zimefifia, kwa sababu Jua si nukta. Lina upana, na upana huo hulainisha kivuli cha kitu kilicho mbali na ardhi. Hiyo ndiyo picha ya Rosetta ninayoipenda kuliko zote. Ni doa la kijivu, na ni la kweli.

Yaliyobaki, yaani karibu kila kitu ambacho watu wa kawaida walikiona kuhusu safari ile, yalitoka mikononi mwa watengenezaji wa animesheni.

Nami nafanya kazi hiyo, ingawa si ya anga. Hapa Dar es Salaam natengeneza animesheni za matangazo: chupa zinazozunguka, herufi zinazodondoka, magari yanayong'aa kuliko yalivyo. Usiku, kazi ya mteja ikiisha, nimekuwa nikitengeneza filamu fupi ya Kiswahili kuhusu Rosetta kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Ninatumia Blender, programu ambayo kila mtu anaipata bure. Umbo la kometi nimelitoa kwenye hifadhi ya data ya Shirika la Anga la Ulaya, ESA, ambalo limeliweka wazi kwa yeyote anayelitaka. Mtu aliyeko Mbagala mwenye kompyuta ya wastani anaweza leo kulizungusha kometi mezani kwake, jabali kwa jabali, genge kwa genge. Hilo bado linanishangaza kila ninapofungua faili.

Rafiki yangu anayefundisha fizikia alinialika nionyeshe sehemu ya kwanza darasani kwake. Taa zilipowashwa, kijana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. Huyu aliyepiga hii video alisimama wapi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Akanigeukia, "Haya, mjibu."

Nikamweleza kwamba hapakuwa na mpiga picha. Kwamba tunajua chombo kilikuwa wapi, tunajua kometi ina umbo gani, tunajua Jua lilikuwa upande gani, basi tunapiga hesabu na kuchora. Akasikiliza, akafikiri, kisha akauliza swali la pili lililo bora kuliko la kwanza: "Sasa sisi tutajuaje ipi mnaijua na ipi mmeifikiria?"

Tangu siku ile filamu yangu imekuwa na neno moja dogo kwenye kona ya chini, linalobadilika kadiri picha inavyobadilika. IMEPIGWA, ikiwa ni picha halisi ya kamera. IMEPIMWA, ikiwa nimechora mimi lakini mahali, mwendo na mwanga vimetoka kwenye vipimo. IMEBUNIWA, ikiwa nimejaza pengo kwa fikra zangu. Watu wa matangazo wataniambia naharibu picha. Mimi naamini kijana yule ana haki ya kujua, na kwamba animesheni ya safari ya anga isiyomjibu inamchukulia kama mteja wa soda.

Kazi ya namna hii ina ukoo wake. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kwenye JPL, maabara ya shirika la anga la Marekani, NASA, huko California, Jim Blinn alitengeneza animesheni za vyombo vya Voyager vikipita kando ya Mshtarii, zikaonyeshwa kwenye televisheni vyombo vyenyewe vilipofika huko 1979. Hakukisia njia, alitumia namba za njia ambayo Voyager ingepita kweli. Blinn huyohuyo ndiye aliyebuni, mwaka 1978, mbinu ya kuufanya uso laini uonekane wenye matuta kwa kuchezea jinsi mwanga unavyoupiga, na leo hakuna kokoto, sayari wala ganda la chungwa kwenye tangazo ambalo halina deni kwake. Zikafuata faili za SPICE, mfumo uliotengenezwa hapohapo JPL wa kuhifadhi habari za safari kwa namna ambayo kompyuta yoyote inaweza kuuliza: saa hii, sekunde hii, chombo kilikuwa wapi, kiligeukia wapi, Jua lilikuwa upande gani? Faili za Rosetta ziko wazi. Neno IMEPIMWA kwenye kona yangu linasimama juu ya faili hizo.

Lakini vipimo huja baada ya safari, na mchoro hutakiwa kabla. Hapo ndipo ugumu ulipo, na ndipo pananivutia zaidi.

Wakati Rosetta inarushwa kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, tarehe 2 Machi 2004, hakuna aliyewahi kuliona umbo la kometi iliyokuwa inaifuata. Kometi yenyewe iligunduliwa mwaka 1969 kwenye picha ambazo Svetlana Gerasimenko alizipiga Alma-Ata, Kazakhstan, na Klim Churyumov akazichunguza. Tena haikuwa hata chaguo la kwanza: Rosetta ilikuwa iende kwenye kometi nyingine, Wirtanen, Januari 2003, lakini roketi ya Ariane 5 ya aina mpya ilianguka Desemba 2002, safari ikaahirishwa, na Wirtanen haikusubiri. Ilipofikiriwa 67P badala yake, darubini ya Hubble iliitazama Machi 2003, na kutokana na jinsi nukta ile ya mwanga ilivyokuwa ikizidi na kupungua wanasayansi wakakisia kitu kirefu-mviringo cha kilomita tatu kwa tano hivi.

Hilo ndilo walilopewa wachoraji, na hilo ndilo walilochora kwa miaka kumi: mwamba mmoja wa mviringo wenye mashimo, Philae ikiushukia taratibu. Nimezitazama animesheni hizo za kabla ya 2014 mara nyingi, na siwezi kuzidharau. Ni ramani ya kile ambacho watu walikuwa wanakijua.

Kisha, katikati ya Julai 2014, Rosetta ikiwa imebakiza kilomita 12,000 hivi, zikaja picha ambazo ndani yake kometi ilikuwa na vipande viwili vilivyounganishwa na shingo nyembamba. Kichwa na mwili. Watu wa safari yenyewe wakaanza kuliita bata wa plastiki. Mwili una kilomita 4.1 kwa upande mrefu, kichwa 2.6, na baadaye ilithibitika kwamba zilikuwa kometi mbili zilizogongana polepole kiasi cha kushikamana badala ya kuvunjika. Kwa siku chache tu michoro yote ya dunia nzima ikawa ya zamani. Wachoraji wakarudi mezani. Kilichochorwa upya hakikuwa sura peke yake: mahali pa kutua, urefu wa mchana na usiku kwenye shingo, vivuli ambavyo kichwa kinautupia mwili, vyote vilibadilika, maana kwenye kitu chenye umbo lile huwezi kusema "juu" bila kuuliza juu ya nini.

Mwaka 1986 mambo yalikuwa tofauti. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Machi, chombo cha ESA kiitwacho Giotto kilipita kilomita 596 kutoka kwenye kiini cha Kometi ya Halley, na televisheni zikarusha moja kwa moja. Picha zilizorushwa zilikuwa za rangi za kupandikizwa: kila kiwango cha mwanga kilipewa rangi yake, nyekundu, njano, buluu, ili wanasayansi wayaone mambo madogo. Wanasayansi waliyaona. Watazamaji waliona madoa ya rangi na hawakujua kometi iko wapi kati yake. Data ilikuwa halisi tupu, na haikuwafikia watu. Nikisikia mtu akisema animesheni ni urembo tu juu ya sayansi, huukumbuka usiku ule.

Sasa wakati. Kama kuna kitu ambacho animesheni ya anga hukipotosha bila mtu kukusudia, ni wakati.

Rosetta ilisafiri miaka kumi na kilomita bilioni 6.4 kabla ya kufika. Ilipita kando ya Dunia mara tatu na Mirihi mara moja ili iongezewe mwendo na uvutano wao, kwa sababu hapakuwa na roketi ya kuisukuma moja kwa moja. Kwenye filamu hizo ni sekunde ishirini za mstari unaojizungushazungusha. Sawa, hakuna atakayekaa miaka kumi. Lakini nilipofika kwenye kushuka kwa Philae nilikwama wiki nzima. Kushuka kulichukua saa saba, kutoka kilomita 22.5. Nilikuwa na sekunde 70. Ukizibana saa saba ziwe sekunde 70, umeharakisha mambo mara 360, na chombo kilichogusa ardhi kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea, kinaonekana kinaporomoka kama risasi. Mtazamaji anashika pumzi akingoja mlipuko. Hisia yake yote imekuwa ya uongo ingawa kila namba ni sahihi.

Zaidi ya hapo kuna jambo ambalo animesheni nyingi huliacha kabisa. Kometi hujizungusha mara moja kwa saa 12.4. Ndani ya saa saba ilikuwa imegeuka zaidi ya nusu mzunguko. Yaani Philae ilipoachiwa, mahali pa kutua hapakuwa chini yake hata kidogo. Paligeuka pakaja kuipokea. Waliopiga hesabu ile kwenye vituo vya safari huko Darmstadt, Ujerumani, na Toulouse, Ufaransa, walilenga mahali ambapo ardhi ingekuwa saa saba baadaye, na Philae ikagusa mita 120 tu hivi kutoka katikati ya walipolenga. Ukiichora kometi imesimama tuli, umewanyang'anya watu hao kazi yao.

Nilichoamua ni kuigawa ile sehemu. Kwanza naonyesha kushuka kote kwa haraka, kamera ikiwa mbali, kometi ikigeuka, saa ikikimbia kwenye kona. Halafu naikata, naisogeza kamera karibu, naonyesha mita kumi za mwisho kwa mwendo wake halisi. Mita kumi kwa sekunde kumi. Darasani, kwenye sekunde hizo kumi, hakuna aliyekohoa.

Vivyo hivyo kuhusu kuwasili kwenyewe tarehe 6 Agosti 2014. Tumezoea kuona chombo kinafika na kuanza kuzunguka duara safi. Rosetta ilianza kwa pembetatu. Uvutano wa kometi ni mdogo mno, na uzito wake ulikuwa haujapimwa bado, kwa hiyo chombo kilitembea mbele ya kometi kwa mistari iliyokaribia kunyooka, kwanza kwa umbali wa kilomita 100, kisha 50, kikiwasha injini kwenye kila kona ili kugeuka. Jinsi njia ilivyopindishwa kidogo kidogo ndivyo wanasayansi walivyojua kometi ina uzito gani. Mchoraji anayechora duara kwa sababu duara ni zuri ameufuta ugunduzi mzima. Pembetatu zile ni sehemu niliyoipa muda mrefu kuliko wataalamu wa filamu wangenishauri.

Halafu tukafika kwenye kutua, tarehe 12 Novemba 2014. Animesheni iliyokuwa ikirushwa siku hiyo ilikuwa tayari imemaliza kazi: Philae inagusa, machusa mawili yanafyatuka na kuzama ardhini, skrubu za miguuni zinajikaza, injini ndogo ya juu inaibana chini, chombo kinasimama wima kwenye mwanga wa Jua. Ishara kutoka kometi, kilomita milioni 510 mbali, huchukua dakika 28 na sekunde 20 kufika Duniani. Saa moja na dakika tatu usiku kwa saa za Afrika Mashariki ikaja habari kwamba imegusa, Darmstadt wakakumbatiana, na mchoro ukaendelea kuzunguka kwenye skrini.

Kumbe Philae haikuwa chini. Injini ya juu ilikuwa imegoma tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, na machusa hayakufyatuka. Kitu cha kilo 100 Duniani, ambacho kule kina uzito wa gramu chache tu, kiligusa, kikadunda kwa sentimita 38 kwa sekunde, na kikapaa. Kikapaa karibu saa mbili. Kilipanda hadi kilomita moja hivi, kometi ikiendelea kugeuka chini yake, kikagonga ukingo wa shimo, kikapinduka, kikaendelea, kikagusa tena, na mwishowe kikakwama kivulini chini ya genge, mguu mmoja ukielekea angani.

Nani aliliona hilo? Hakuna. Kamera za Rosetta zilipata picha chache za Philae ikiwa kinukta juu ya ardhi. Kilichotuokoa ni kipima-sumaku cha Philae, ROMAP, ambacho kilikuwa kimewashwa muda wote. Chombo kikijizungusha, usomaji wa sumaku huyumba kwa mapigo yale yale. Wakayasoma mapigo hayo: baada ya kugusa mara ya kwanza Philae ikawa inajizungusha mara moja kila sekunde 13, saa moja na dakika 20 usiku kwa saa zetu mapigo yakavurugika ghafla, ndiyo kule kugonga ukingo, kisha ikawa inapinduka mara moja kila sekunde 24. Kutokana na kifaa kilichotengenezwa kupima sumaku ya kometi, wakatengeneza upya safari ambayo hakuna kamera iliyoiona, na mwaka mmoja baadaye ESA ikatoa animesheni yake.

Kwangu hiyo ndiyo animesheni kubwa kuliko zote za safari ile. Haina muziki wa kishujaa wala mwanga wa dhahabu. Ni kisanduku kinachopinduka hewani mahali pasipo na hewa, kwa mapigo yaliyosomwa kwenye waya wa kipima-sumaku. Na haikuishia hapo. Tarehe 2 Septemba 2016 kamera ya Rosetta ikaipata Philae yenyewe, ikiwa imejibanza gizani, kutoka kilomita 2.7. Mwaka 2020 timu iliyoongozwa na Laurence O'Rourke wa ESA ikapata mahali pa mguso ule wa pili, ambapo Philae ilikaa karibu dakika mbili na kugusa mara nne, ikikwangua vumbi hadi barafu ya kale ikang'aa chini yake. Mchoro ukabidi urekebishwe tena. Kwenye filamu yangu sehemu hii ilikuwa IMEBUNIWA kwa sehemu kubwa. Baada ya kusoma kazi ya 2020 nikaifuta, nikaichora upya, nikabadilisha neno la kona.

Kuhusu rangi nitasema kifupi. Kometi hii ni nyeusi kama mkaa. Hurudisha asilimia sita hivi tu ya mwanga wa Jua unaoiangukia. Picha zote unazoziona zimeongezwa mwanga, na ni lazima, la sivyo ungeona skrini nyeusi. Nimeweka sekunde chache ambapo kometi iko karibu na weusi wake halisi kando ya Mwezi wetu, na neno la kona linasema IMEPIMWA. Inatosha.

Vumbi ndilo lililonipa raha. Tunachora nyota za nyuma kama misumari iliyogongomelewa ukutani, na chombo safi mbele yake. Kule hali ilikuwa nyingine. Mapema Juni 2014 kometi ilikuwa ikitoa gramu 300 hivi za maji kwa sekunde. Ilipokaribia Jua Agosti 2015 ilikuwa ikitoa kilo 300 kwa sekunde, pamoja na vumbi zaidi ya hilo. Machi 2015, Rosetta ikiwa kilomita 14 tu kutoka kwenye uso, vifaa vyake vya kutazama nyota vilianza kuzidhani chembe za vumbi kuwa nyota, chombo kikapoteza mwelekeo, kikajifungia kwenye hali ya tahadhari. Kama mashine iliyojengwa kusoma nyota ilichanganyikiwa, basi mchoro wenye anga safi haujatuonyesha kometi.

Mwaka 2018 mpenzi mmoja wa anga nchini Uhispania alichukua picha ambazo Rosetta ilizipiga kwa dakika 25 hivi tarehe 1 Juni 2016, akazipanga zikimbie kwa sekunde chache. Ulimwengu ukaona genge jeusi, na mbele yake kitu kama theluji inayoanguka. Watu wengi walidhani ni filamu ya studio. Ndani yake kuna mambo matatu yamechanganyika: nyota za nyuma zinazoshuka kwa pamoja kwa sababu chombo kinatembea, chembe za vumbi zilizo karibu na kamera zinazokwenda ovyo, na michirizi ya miale ya anga iliyoipiga kamera yenyewe. Hakuchora kitu. Alipanga tu. Kwenye filamu yangu nimeiweka nzima, na ni mahali pekee ambapo neno IMEPIGWA limekaa muda mrefu mfululizo.

Swali ambalo huulizwa sana na watu wa fani yangu ni la macho. ESA walitengeneza pia vibonzo ambavyo ndani yake Rosetta na Philae wana nyuso, wanacheka, wanaagana. Vilianza kabla ya Rosetta kuamshwa Januari 2014 na vikaenda nayo hadi mwisho, na vilipendwa mno. Wako wanaosema huo ni upotoshaji, kwamba mashine haina huzuni. Sikubaliani nao. Sisi tumelelewa na sungura anayemwingiza fisi mjini. Hakuna mtoto aliyetoka kwenye hadithi hizo akidhani sungura wa porini anaongea. Mtoto anajua kibonzo ni kibonzo. Uso wa kuchorwa umeandikwa IMEBUNIWA kwa ukubwa wa skrini nzima. Ninachokiogopa zaidi ni ile animesheni inayofanana kabisa na picha, yenye vumbi kwenye lenzi na kamera inayotikisika kidogo kana kwamba kuna mtu ameishika, ilhali umbo la kometi limebahatishwa.

Ila kuna tukio moja nililoamua kutolichora. Kuanzia Juni 2011 Rosetta ililazwa usingizi wa miezi 31, kwa sababu ilikuwa imekwenda mbali na Jua kiasi kwamba hata paneli zake zenye eneo la mita za mraba 64 hazikutosha kuiendesha. Tarehe 20 Januari 2014 ilitakiwa ijiamshe yenyewe na kupiga simu nyumbani. Dirisha la kupokea ishara lilifunguka saa mbili na nusu usiku kwa saa zetu. Ikapita nusu saa, kimya. Saa tatu na dakika 18, kwenye skrini iliyokuwa inaonyesha mstari uliotambaa chini wenye mitetemo midogo, kikanyanyuka kilele kimoja chembamba katikati. Hicho ndicho kilichowafanya watu wazima wa Darmstadt waruke juu.

Ningeweza kuchora chombo kikitikisika, taa zikiwaka moja moja, antena ikigeukia Dunia. Kila kitu hicho kilitokea. Lakini waliokuwapo waliona mstari. Nimeuweka mstari ule peke yake, ukitambaa, muda mrefu kuliko mhariri yeyote angeruhusu, mpaka mtazamaji naye aanze kutafuta kilele kwa macho yake. Sauti nimeizima. Nilikuwa na wimbo tayari, nikautoa. Sauti nimeiweka baadaye tu, pale kometi inapoanza "kuimba": mawimbi ya sumaku ya milihezi 40 hadi 50 ambayo vifaa vya Rosetta viliyanasa mwaka 2014, yakapandishwa mara 10,000 ili sikio la mtu liyasikie. Kona inasema IMEPIMWA, na chini yake kwa herufi ndogo, "imepandishwa mara 10,000."

Sasa naandaa sehemu ya mwisho, na imenirudisha kwenye tatizo la mwanzo kwa ukali zaidi. ESA, pamoja na shirika la anga la Japani, JAXA, wanajenga safari iitwayo Comet Interceptor, inayopangwa kurushwa kuelekea mwisho wa muongo huu. Vyombo vitatu vitakaa kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani, vikisubiri. Vinasubiri kometi ambayo haijapatikana bado, inayokuja kwa mara yake ya kwanza kutoka mbali kabisa kwenye mfumo wa Jua, au hata kutoka kwenye nyota nyingine. Darubini zikiiona, vyombo vitaondoka kwenda kukutana nayo, na vitapishana nayo kwa mwendo unaoweza kufika kilomita 70 kwa sekunde. Wataalamu wanaijenga bila kujua umbo la kometi hiyo, ukubwa wake, wala upande itakaotokea.

Nimejaribu kuichora kwa namna kadhaa. Niliyoibakiza haina kometi moja. Vyombo vitatu vinasubiri upande wa kushoto, na upande wa kulia umbo linabadilika kila baada ya sekunde mbili: mviringo, shingo nyembamba, kipande kirefu, vipande vitatu, kisha tena. Vyombo vinachorwa kwa mistari iliyokolea kwa sababu michoro ya wahandisi ipo. Umbo la kulia limechorwa kwa nukta. Kona ya chini kuna maneno mawili kwa pamoja, kila moja upande wake. Mwalimu rafiki yangu ameshaniomba niipeleke kwa kidato cha pili kabla haijakamilika, na nimekubali, kwa sharti kwamba yule kijana akae mbele.